Rocket ya mbao mezani kwetu Iyunga: sanduku zuri, boila tupu

Baba alipokishika kichwa kile cha treni kwa mara ya kwanza, alianza na magurudumu. Akayazungusha kwa kidole gumba, akafuata mkono wa pistoni hadi kwenye silinda, akapanda na dohani mpaka juu kabisa, kisha akarudi kwenye boila, ule mtungi unaochemsha maji kuwa mvuke. Hapo akatulia. Akaligonga kwa ukucha mara mbili na kulisogeza karibu na sikio.

"Mama, tyubu ziko wapi?"

Baba yangu ana miaka 87 na macho yake sasa yanatambua mwanga wa dirisha tu. Aliajiriwa reli ya kati, Tabora, mwaka 1958, akawa fayamani: yule anayekaa na dereva akitunza moto na maji ya boila. Mwaka 1976, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilipozinduliwa, alihamia huku Iyunga, Mbeya, na huku hakuukuta mvuke tena, ni dizeli tupu. Nilinunua sanduku hili ili mikono yake ipate kitu inachokijua. Kwa hiyo unayesoma ujue mapema kwamba mkaguzi wa kazi hii ni yeye. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, nilishika gundi na msasa. Kupitisha au kukataa ilikuwa juu yake.

Sanduku lenyewe ni la kujiundia kichwa cha treni kiitwacho Rocket, kwa uwiano wa 1 kwa 24, vyote mbao isipokuwa ekseli mbili na pini chache za chuma. Nililipa shilingi 165,000 kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayeuza mtandaoni, na 8,000 nyingine kwa mzigo wa basi. Ndani mna mabamba 9 ya plaiwudi yaliyokatwa kwa leza, mengi ya unene wa milimita 3 na machache ya milimita 2, vipande 214 kwa jumla, kipande cha reli chenye mataruma yake, yaani yale magogo ya kulalia reli, na kijitabu cha picha kisicho na neno hata moja. Pakiti ya ekseli haikuwemo. Nilimwandikia muuzaji usiku uleule, naye akaituma bila kubishana, ila ilichukua siku 9 kufika, na siku hizo zote baba alikuwa akiuliza kama chuma kimekuja.

Kabla ya kugusa gundi nilipima. Nilitaka kujua kama aliyechora seti hii aliiheshimu mashine au alichora tu kitu chenye sura ya treni. Rocket halisi ilijengwa mwaka 1829 kwenye karakana ya Robert Stephenson na wenzake, Newcastle, Uingereza. Magurudumu yake makubwa ya mbele yalikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 8 na nusu, yaani milimita 1,435. Gawa kwa 24, unapata karibu 60. Niliweka rula: 60. Gurudumu dogo la nyuma lilikuwa la futi 2 na nusu, mezani linatakiwa kuwa milimita 32 hivi, na ndivyo lilivyo. Boila la urefu wa futi 6 limekuwa milimita 76. Kwa kazi ya mbao nyembamba inayouzwa kwa bei hiyo, vipimo hivi ni vya kusifiwa, nami navisifu kwa moyo wote.

Reli iliyomo sandukuni nayo ina upana wa milimita 60 kati ya upau mmoja na mwingine. Njia ya Liverpool na Manchester, ambayo Rocket ilijengewa, ilianza na futi 4 na inchi 8, baadaye ikaongezwa nusu inchi, na hiyo ndiyo milimita 1,435 inayotumika sehemu kubwa ya dunia. Ndiyo pia ya SGR yetu, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Baba aliweka vidole viwili katikati ya reli ile ya mbao na kusema ni pana mno. Yuko sahihi. Reli ya kati ya Tabora ni ya mita moja, kwa uwiano huu ingekuwa milimita 42 tu, na TAZARA ya milimita 1,067 ingekuwa 44 na kidogo. Mkono uliokwisha kuizoea njia ya mita moja haudanganyiki. Jambo moja ambalo seti haikulifuata ni mataruma: sehemu kubwa ya njia ile ya zamani reli zililazwa juu ya matofali ya mawe, na magogo ya mbao yaliwekwa penye udongo laini. Silihesabu kuwa kosa kubwa. Mataruma ya mbao yanaonekana kuwa ya reli kwa kila mtoto wa Mbeya aliyevuka njia ya treni.

Sasa mbao zenyewe. Plaiwudi ni safi, haina mafundo, na leza imekata kwa uangalifu. Vipande vinatoka kwenye bamba kwa kusukuma kidogo tu. Kingo zimeungua nyeusi na zina harufu ya moshi, nami nilimwacha baba azinuse bila kumwambia ni nini. Lakini mabamba yale ya milimita 2 hayaipendi hali yetu ya hewa. Nilipokea mzigo mwezi Machi, katikati ya mvua, na kwa wiki moja juu ya kabati matatu kati yake yalikuwa yamejikunja kama ganda la ndizi. Niliyalaza chini ya rundo la vitabu vya kidato cha pili kwa siku 5, yakanyooka. Ukinunua wakati wa masika huku Nyanda za Juu, usifungue nailoni mpaka siku unayoanza kazi. Gundi nayo ina mambo yake. Kijitabu kinaonyesha saa yenye mshale wa dakika 30, na pengine huko kilikochapwa dakika 30 zinatosha. Kwangu, jioni za Juni, gundi nyeupe ya mbao ilitaka usiku mzima, na nilibana kila kiungo kwa vibanio vya nguo hadi asubuhi. Vibanio 40 havikutosha. Mtoto wa jirani aliniletea vya kwao.

Magurudumu ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Kila gurudumu kubwa ni tabaka tatu: mbili za spoki na moja ya ukingo. Magurudumu ya Rocket halisi yalikuwa ya mbao kweli, yamevikwa pete ya chuma, kwa hiyo hapa mbao haiigizi chuma. Mbao inasimama mahali pa mbao. Nilisugua kila spoki kwa msasa laini, namba mia mbili na arobaini, mpaka masizi ya leza yakatoka, nikapaka mafuta ya kitani mara mbili. Baba alipoyashika yakiwa bado hayajafungwa kwenye ekseli alisema yanafanana na ya mkokoteni. Ndivyo yalivyokuwa. Watu waliojenga treni za kwanza walitoka kwenye kazi ya magari ya farasi. Behewa dogo la maji na makaa la Rocket lilitengenezwa na Nathaniel Worsdell, fundi wa magari ya farasi, na lile pipa kubwa la mbao lililolala juu yake linakuambia hivyo hivyo.

Hapa kwenye magurudumu ndipo kijitabu kinapokosea, na kosa hili si dogo. Picha ya hatua ya 14 inaonyesha pini ya mkono wa kulia na ya kushoto zote zikiwa juu kwa pamoja. Ukiziweka hivyo, kichwa kitazunguka vizuri ukikisukuma kwa mkono, na hutagundua chochote. Lakini mashine halisi ya namna hiyo ingeweza kukataa kuondoka stesheni. Pistoni ikifika mwisho wa mwendo wake, mkono unakuwa umenyooka kuelekea katikati ya ekseli, na hata ukiusukuma kwa nguvu zote haulizungushi gurudumu. Ni kama kukanyaga pedali ya baiskeli iliyoko chini kabisa. Pistoni zote mbili zikifika hapo kwa wakati mmoja, umekwama. Ndiyo maana kwenye Rocket, na kwenye vichwa vingi vya mvuke vilivyofuata, upande mmoja umepishana na mwingine kwa nyuzi 90: huyu akiwa amekwama, mwenzake yuko katikati ya nguvu zake. Bahati njema, tundu la gurudumu kwenye seti hii ni la mraba, na ekseli ina ncha ya mraba, kwa hiyo unaweza kulichomoa na kuligeuza robo kabla gundi haijakauka. Fanya hivyo. Nilipomwambia baba picha inavyoonyesha, aliniuliza kama aliyechora amewahi kuona treni.

Silinda, kwa upande mwingine, ziko sawasawa kabisa. Nilichukua kipimapembe cha wanafunzi wangu na kukiweka ubavuni: nyuzi 38. Hivyo ndivyo Rocket ilivyokuwa siku ya mashindano nitakayoyasimulia hapa chini, silinda zimeinuka kwa nyuma na kuelekeza pistoni chini kwenye gurudumu la mbele. Baadaye ziliteremshwa hadi karibu nyuzi 8, kwa sababu ule mwinamo mkali ulifanya mashine iyumbeyumbe kila pistoni iliposukuma. Aliyechora seti alijua anachora Rocket ya Oktoba 1829, ile ya rangi ya njano na dohani nyeupe, na wala hakuchanganya na ile iliyobadilishwa. Kwa hilo nampa heshima yake.

Mashindano yale yalifanyika Rainhill, karibu na Liverpool, na zawadi ilikuwa pauni 500. Kampuni ya reli ilitaka kujua kama kichwa cha treni kinaweza kufanya kazi ya siku nzima bila kuharibika, au waweke mashine zilizosimama mahali pamoja zivute mabehewa kwa kamba. Novelty ya Braithwaite na Ericsson ilikuwa nyepesi na yenye kasi, watu wakaishangilia, kisha ikaharibika. Sans Pareil ya Timothy Hackworth nayo ikaharibika. Kulikuwa hata na moja iliyoendeshwa na farasi anayetembea juu ya mkanda. Rocket peke yake ndiyo iliyomaliza, na ilipoachwa ikimbie ilifika karibu kilomita 47 kwa saa. Nilimsomea baba haya yote jioni moja. Nilipofika siku ya uzinduzi wa njia, 15 Septemba 1830, na mbunge William Huskisson aliyegongwa na Rocket akafariki siku hiyohiyo, hakuuliza habari za mbunge. Aliuliza dereva alikuwa nani. Nikamwambia ni Joseph Locke, mhandisi kijana. Alikaa kimya muda mrefu, na sikuendelea kusoma usiku ule.

Narudi kwenye boila, maana hapo ndipo sanduku hili liliponiangusha.

Seti inakupa pete 5 za plaiwudi na karatasi ya mbao ya milimita 2 iliyochanjwachanjwa ili ikunjike. Unazungusha ile karatasi juu ya pete, unabana, unapata mtungi mzuri wa mviringo. Kwa macho hauna kasoro. Ndani hakuna kitu. Na mlango wa tanuru kwa nyuma ni mchoro tu juu ya mbao, na dohani ni kijiti kizima kisicho na tundu.

Sasa, mtu anaweza kusema ni mfano wa kuweka juu ya kabati, nani atachungulia ndani? Mimi nasema kwa Rocket hoja hiyo haikubaliki, kwa sababu kilichoishindisha Rainhill kiko ndani ya boila. Vichwa vingi vya kabla yake vilikuwa na bomba moja kubwa, au moja linalokunja na kurudi, likipitisha moto katikati ya maji. Moto mwingi ulipita na kutokea kwenye dohani ukiwa bado na joto lake. Rocket ilipewa mirija 25 ya shaba, zile tyubu alizoziulizia baba, kila mmoja wa kipenyo cha inchi 3. Wazo hilo aliwapa Henry Booth, mtumishi wa kampuni ya reli, ambaye hata hakuwa mhandisi. Na Ufaransa, Marc Seguin alikuwa amelifikia peke yake karibu wakati uleule. Chukua bomba moja na uligawe kuwa mirija mingi myembamba: moto ni uleule, lakini sehemu ya shaba inayogusana na maji imekuwa kubwa mara nyingi. Wanafunzi wangu niliwaeleza kwa viazi. Kiazi kizima na kiazi kilichokatwakatwa, kipi kitaiva mapema?

Halafu kuna jambo la pili linalotegemea hilo la kwanza. Mirija myembamba ni migumu kupitisha moshi, kwa hiyo lazima kitu kiuvute. Kwenye Rocket, mvuke uliokwisha fanya kazi kwenye silinda ulipelekwa na kutupwa juu ndani ya dohani, na ukitoka kwa kasi ulinyonya moshi nyuma yake, moto ukapepewa. Kadiri treni inavyovuta kwa nguvu ndivyo moto unavyopulizwa kwa nguvu. Ile "chu, chu, chu" ya treni ya mvuke ni sauti ya jambo hilo.

Baba ameishi na mirija hiyo. Vichwa vya zama zake viliwaka mafuta mazito, na mafuta hujaza mirija masizi. Anasimulia walivyokuwa wakibeba mchanga mkavu kwenye ndoo: treni ikiwa kwenye mlima na inavuta kweli, fayamani anamwaga koleo la mchanga kwenye tanuru, ule mvuto unaunyonya mchanga kupitia mirija yote na kuisugua, na dohani inatapika wingu jeusi. Kisha presha inaanza kupanda. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpa boila tupu.

Kwa hiyo nililifungua. Ninayoeleza sasa hayamo kwenye kijitabu, na ukitaka sanduku liwe na thamani ya pesa yako, nakushauri uyafanye kabla hujafunga pete ya mwisho.

Mirija ya inchi 3 kwa uwiano wa 1 kwa 24 ni milimita 3 na kidogo. Nilizunguka soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi nikiuliza shaba nyembamba, nikaelekezwa kwa kijana anayetengeneza majokofu. "Shikamoo mwalimu," akasema, maana nilimfundisha. Alikuwa na mabaki ya mirija ya shaba ya friji, ya unene huohuo ninaoutaka. Mirija 25 ya milimita 76 ni chini kidogo ya mita 2. Ongeza ya kupotea kwenye msumeno. Alinikatia mita 2 na nusu kwa shilingi 10,000 na akanionyesha namna ya kukata kwa kuviringisha chini ya kisu badala ya msumeno, ili mdomo usizibe.

Zikahitajika sahani mbili za mviringo zenye matundu 25 za kushika mirija huku na huku. Ya kwanza nilikata kwenye kipande cha paini, ile ya Sao Hill inayouzwa kila mahali huku, ikapasuka kwenye tundu la tisa. Nikatafuta kipande kingine, nacho kikapasuka. Fundi seremala wa mtaani kwetu alitazama mara moja tu na kusema, "Mwalimu, paini ina njia moja. Ukiitoboa karibukaribu inafuata njia yake. Tumia hayo makombo ya plaiwudi yako, tabaka zake zinapishana." Makombo yenyewe ni fremu za mabamba ambazo unazitupa baada ya kutoa vipande. Nikachora, nikatoboa kwa keekee na biti ya milimita 3.2, polepole, na ubao mwingine chini yake. Matundu yote 25 kwenye sahani zote mbili, hakuna mpasuko. Panga mirija upande wa chini na katikati ya boila, usiifikishe juu. Kwenye boila la kweli lazima mirija izame chini ya maji muda wote, la sivyo shaba inaungua. Baba alinirudishia sahani ya kwanza kwa sababu safu yangu ya juu ilikuwa juu mno.

Dohani niliibadilisha kwa mwanzi. Wasukaji wa vikapu sokoni wana vijiti vya mwanzi vya kila unene, na kimoja cha milimita 14 kilicho wazi ndani kilikaa kana kwamba kilichongwa kwa kazi hiyo. Rangi nyeupe inashika vizuri ukikikwangua ngozi yake kwanza. Mlango wa tanuru niliutoboa kwa patasi ndogo. Kazi hii yote ya boila ilinichukua jioni 6, wakati kujenga seti nzima kwa kufuata kijitabu kulichukua jioni 17.

Mengine nayapita haraka. Behewa la maji na makaa ni rahisi, siku mbili, na pipa lake limechanjwa vizuri. Makaa ndani yake niliyaweka vipande vya mkaa wa kawaida uliopondwa. Rocket ilichoma makaa ya mawe yaliyookwa kwanza ili yasitoe moshi, lakini ukubwa na rangi vinafaa. Rangi ya njano hawakupi, nunua mwenyewe, na kopo dogo linatosha na kubaki. Pini za chuma zinapata kutu, zipake mafuta ya cherehani. Gundi ya haraka usiitumie kwenye plaiwudi hii. Inaingia ndani na kuacha doa ambalo rangi ya njano hailifichi.

Kama mtoto ana chini ya miaka 13 asiachiwe peke yake, si kwa sababu ya visu tu: ile hatua ya kukunja karatasi ya boila inataka mikono minne. Kwa mtu mzima mwenye subira, ningesema nunua, hata kwa bei hiyo, na ningenunua tena kutoka kwa muuzaji yuleyule. Magurudumu na silinda vinatosha kukufundisha. Ila muuzaji, ukisoma hapa, waombe waliotengeneza waweke sahani mbili zenye matundu 25 na waseme katika picha kwamba mirija ya shaba itatafutwa na mnunuzi. Gharama yake haifiki hata robo ya bamba moja.

Nilipofunga sehemu ya mbele na gundi kukauka, nilimpelekea baba asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisani. Akafuata njia yake ileile: magurudumu, mkono, silinda, dohani. Aligundua kwa kidole kwamba pini zimepishana robo, akatikisa kichwa kukubali. Akauliza filimbi iko wapi, nikamwambia mwaka 1829 vichwa vya treni havikuwa nayo bado. Kisha akageuza kichwa cha treni, akaweka kiganja kwenye mlango wa tanuru.

"Puliza kwenye dohani."

Nikapuliza. Upepo ulitoka kwa nyuma, ukampata kwenye kiganja. Hakusema neno. Aliomba kijiti cha meno, akakiingiza mlangoni na kuanza kupapasa mdomo wa mrija mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu, akihesabu chinichini kwa Kinyamwezi. Nilikuwa nimevaa tayari, mkoba begani, nikingoja.

"Ishirini na nne," akasema. "Mmoja umeziba."

Ulikuwa wa safu ya pili kushoto, gundi ilitiririka ndani wakati nafunga sahani ya mbele. Nilikwenda kuchukua spoki ya baiskeli nikauzibua, akapima tena. Kwa hiyo ukifanya kazi hii, pitisha spoki kwenye kila mrija kabla hujafunga sehemu ya mbele, si baada.